Dakika Kumi Kabla ya Gari la Wagonjwa



Mwezi huu tumeonelea tuzungumze juu ya jambo linaloihusu kila nyumba yenye jiko, watoto na wazee, nalo ni ajali za nyumbani na yale tunayoyafanya kabla ya gari la wagonjwa kufika. Hatukusudii kumtia mtu hofu. Katika miaka mingi ya kuishi katika nchi hii ya Uingereza tumeona kwamba jamaa zetu wanapofikwa na ajali hawakosi moyo wa kusaidia. Jirani hutoka mbio, bibi huinuka kitandani, na kila mmoja huja na dawa anayoijua. Kinachokosekana ni kujua msaada upi unafaa na upi unadhuru, kwani baadhi ya dawa tulizozirithi, ingawa hutolewa kwa nia njema kabisa, huongeza madhara badala ya kuyapunguza.

Tutashughulika na mambo matatu: kuungua, sumu za kumezwa, na hewa yenye sumu itokayo kwenye makaa na gesi. Tumeyachagua haya kwa kuwa yanakutana na desturi zetu wenyewe: chai ya moto isiyokosekana mezani, dawa za wazee zilizofungwa katika karatasi, na makaa ya kuchomea nyama na kufukizia udi.

NAMBA 999 NA WATU WANAOKUJA

Kila mtoto wa hapa anaijua namba 999, lakini si wengi wanaojua ilivyoanza. Mwezi wa Novemba 1935 nyumba moja katika mtaa wa Wimpole Street, London, iliwaka moto, na wanawake watano wakafariki. Jirani aliyejaribu kuwaita wazima moto kwa simu alijikuta akingojeshwa kwenye foleni pamoja na watu waliokuwa na shughuli zao za kawaida. Akaandika barua ya malalamiko kwa gazeti la The Times, na serikali ikalazimika kulitazama jambo hilo. Tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikaanza kutumika mjini London, ikiwa ya kwanza ya aina yake duniani.

Kuitwa haraka ni jambo moja, na kujua la kufanya ukifika ni jambo jingine. Kwa miaka mingi wahudumu wa magari ya wagonjwa walikuwa wabebaji zaidi kuliko waganga. Walimpakia mgonjwa kwenye machela, wakamkimbiza hospitali, na aliyekuwa na bahati alifika angali hai. Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1960. Huko Belfast, mwaka 1966, Daktari Frank Pantridge alipeleka mashine ya kuushtua moyo hadi nyumbani kwa wagonjwa, ndani ya gari. Mwaka uliofuata, katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani, vijana weusi wa mtaa wa Hill District, ambao wengi wao hawakuwa na kazi, waliandikishwa katika mpango ulioitwa Freedom House. Kabla ya hapo, mgonjwa wa mtaa ule alichukuliwa na gari la polisi au gari la kubebea maiti. Daktari Peter Safar akasimamia mafunzo yao, nao wakawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kutoa tiba ya kweli barabarani, mgonjwa akiwa njiani. Baadaye Daktari Nancy Caroline aliwaongoza na kuandika kitabu cha kufundishia kazi hiyo. Mwaka 1975 mji ukauvunja mpango ule na kuanzisha wa kwake, na wengi wa vijana wale wakasukumwa pembeni. Elimu yao haikupotea, kwani wahudumu wa leo wanaendelea kufuata njia waliyoifungua.

Maparamediki wanaokuja mlangoni kwetu leo ni watu wenye leseni, na nchini Uingereza jina hilo linalindwa na sheria. Wanabeba oksijeni, dawa za kutuliza maumivu, mashine za moyo, na ujuzi wa kuamua mgonjwa apelekwe hospitali ipi. Pamoja na hayo, hawana mabawa. Katika England lengo lililowekwa ni kumfikia mgonjwa aliye katika hatari ya kufa papo hapo kwa wastani wa dakika 7, na yule wa daraja la pili kwa wastani wa dakika 18. Sote tunajua kuwa lengo hilo halifikiwi kila siku. Dakika hizo za mwanzo, basi, si zao. Ni zetu sisi tulio ndani ya nyumba, na hilo ndilo tunalotaka msomaji aondoke nalo.

KUPIGA SIMU

Ukipiga 999, sauti ya kwanza itakuuliza unataka huduma gani. Jibu ni neno moja: "Ambulance." Utaunganishwa na mtu wa pili, naye atauliza kama mgonjwa anapumua na kama yu macho, kisha atataka anwani pamoja na posikodi. Maswali yake huwaudhi wengi, wakadhani anapoteza wakati. Sivyo. Anayeuliza siye anayeendesha gari, na gari laweza kutumwa ilhali maswali yanaendelea. Usikate simu mpaka uambiwe. Ikiwa mgonjwa hapumui, mtu huyo huyo atakuelekeza namna ya kumkandamiza kifua, hatua kwa hatua, mpaka wenyewe wafike.

Asiyejua Kiingereza asinyamaze. Aseme neno "Swahili", na aliye upande wa pili ataweza kutafuta mkalimani kwa simu. Hata hivyo mkalimani huchukua muda kupatikana, kwa hiyo yafaa kila mtu mzima katika nyumba, hata bibi aliyewasili mwezi uliopita, ajifunze mambo matatu kwa Kiingereza: kutaja huduma anayoitaka, kutaja anwani ya nyumba, na kusema kama mgonjwa anapumua au hapumui. Karatasi yenye maneno hayo, kwa herufi kubwa, ibandikwe ukutani karibu na jiko.

Watoto wetu mara nyingi ndio wakalimani wa nyumba. Mtoto wa miaka 7 au 8 aweza kuokoa roho ya mzazi wake akiwa anaijua anwani yake kwa moyo na anajua kuifungua simu ya mama. Sisi tuliomaliza umri wetu darasani tunaweza kushuhudia kwamba mtoto hujifunza jambo la namna hii kwa siku moja, akilichukua kama mchezo. Aambiwe pia kuwa namba hiyo si ya kuchezea.

Wenye kusafiri wakumbuke kuwa Marekani namba ni 911, Oman ni 9999, na nchi za Umoja wa Ulaya ni 112.

KUUNGUA: MAJI KWANZA

Katika nyumba zetu maadui wa ngozi ya mtoto ni chai, uji, supu na mafuta ya kukaangia. Kikombe cha chai chaweza kumbabua mtoto mdogo hata robo saa baada ya kumiminwa, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mtu mzima. Hatari huzidi katika saa ya kutayarisha futari, wakati jiko limejaa, sambusa zipo mafutani, mpishi amefunga na amechoka, na watoto wanazunguka miguuni.

Dawa tulizozirithi tunazijua: samli, asali, ute wa yai, unga wa ngano, dawa ya meno. Ubaya wake ni huu. Ngozi iliyoungua huendelea kuungua hata baada ya chanzo cha moto kuondolewa, kwa sababu joto limekwisha kuingia ndani na bado linashuka chini. Ukipaka samli umelifungia joto hilo njia ya kutokea. Unga na yai hugandamana na kidonda, navyo huleta wadudu wa maradhi mahali ambapo ngozi, ngao yetu ya asili, imekwisha kuondoka. Kisha daktari hulazimika kuvikwangua ili akione kidonda, na maumivu ya kukwanguliwa huzidi yale ya mwanzo.

Dawa ya kweli ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20 kamili kwa saa ya ukutani. Yasiwe ya barafu, kwani barafu nayo huumiza ngozi. Dakika 20 ni ndefu mtoto anapolia, na wengi huacha baada ya 2 au 3. Wasiache. Hata kama saa nzima au mbili zimepita tangu ajali, maji bado yana faida, maadamu hazijapita saa 3. Wakati maji yanapita, vua nguo, pete na bangili zilizo karibu na jeraha kabla halijavimba. Lakini nguo iliyogandana na ngozi usiivute. Kipoze kidonda, si mtoto mzima. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe blanketi, kwani mtoto mdogo hupoteza joto upesi. Baada ya hapo, weka juu ya jeraha ile nailoni nyembamba ya kufunikia vyakula, uilaze bila ya kuizungusha na kuikaza. Malengelenge usiyatumbue.

Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake, au likiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, mgonjwa aende hospitali. Vivyo hivyo kwa kuungua kwa umeme au kwa dawa kali, hata jeraha likiwa dogo. Dawa ya kusafishia ikiruka machoni, jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20 bila ya kukatiza.

Tunaijua nyumba moja ambamo mtoto wa miaka 2 alijivutia kikombe cha chai ya maziwa. Mama yake alikimbilia kopo la samli, kama yeye mwenyewe alivyofanyiwa utotoni. Dada mtu, mwanafunzi wa miaka 10 aliyefunzwa huduma ya kwanza shuleni, alikwisha kumwinua mdogo wake na kumweka bombani. Mama akafoka. Bibi, aliyekuwa ameketi na tasbihi yake, akasema, "Mwache mwanangu, huenda anajua tusilolijua." Maji yakapita dakika 20. Hospitalini muuguzi aliwaambia kuwa maji yale ndiyo yaliyoiokoa ngozi ya mtoto.

Si kila bibi atasema hivyo. Ndiyo maana tunashauri mazungumzo haya yafanywe siku ya salama, kwa adabu na utulivu. Mke anayeishi na mama mkwe wake, au kijana anayeishi na nyanya yake, hawezi kubishana naye huku mtoto akilia. Lakini jioni moja baada ya chakula aweza kusema, "Mama, nimesoma kwamba hapa madaktari wanataka tuanze na maji. Tukifikwa na jambo, naomba tuanze na hayo." Mzee aliyeombwa ushauri mapema hatajihisi amedharauliwa.

Jambo la mwisho katika sehemu hii: mafuta ya kikaangoni yakiwaka, usiyamwagie maji wala usiibebe sufuria kuipeleka nje. Maji huyarusha mafuta yakiwa yanawaka. Zima jiko ikiwa unaweza kulifikia kwa usalama, toka na watu wako, funga mlango, kisha uwaite wazima moto.

SUMU: USIMTAPISHE

Mtoto akinywa kitu kibaya, mkono wa mzazi wa Kiswahili hukimbilia kumtia kidole kooni, au kumnywesha maziwa, mafuta ya kupikia au maji ya chumvi. Tuseme wazi: mgonjwa asitapishwe. Dawa ya kuzibulia mabomba na dawa za kung'arishia nguo, zile tulizozoea kuziita jiki, huunguza koo zinaposhuka. Ukimtapisha zitaliunguza mara ya pili zikipanda. Mafuta ya taa na petroli hufanya ubaya mkubwa zaidi yakiingia mapafuni, na kutapika ndiyo njia rahisi ya kuyafikisha huko. Ama maji ya chumvi, hayo ni sumu kwa nafsi yake, na wako watoto waliokufa kwa chumvi waliyonyweshwa ili watapike.

La kufanya ni hili. Toa kilichobaki mdomoni. Chukua chupa au pakiti yenyewe uiweke mkononi, maana daktari ataihitaji. Piga 999 ikiwa mgonjwa ana usingizi usio wa kawaida, anatapika mwenyewe, anapumua kwa shida, ana degedege au amezimia. Akiwa hana dalili yoyote, piga 111 upate ushauri mara moja, usingojee dalili zije. Utaulizwa amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana umri gani. Ukiyajibu hayo manne kwa ukweli umefanya nusu ya kazi ya mganga. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, ili matapishi yasimkabe.

Kuna sumu tatu ambazo tunaziogopa kuliko nyingine kwa sababu hazipigi kelele.

Ya kwanza ni parasetamoli, yaani ile Panadol iliyomo katika kila mkoba. Kwa kipimo chake ni dawa njema. Ikizidi, mgonjwa aweza kukaa siku nzima akiwa mzima kabisa au na kichefuchefu kidogo tu, huku ini lake likiharibika. Dalili za ini huonekana siku ya pili au ya tatu, wakati wa tiba rahisi umekwisha kupita. Dawa yake ipo, nayo ni asetilisisteini, na ikianzwa ndani ya saa 8 humkinga karibu kila mgonjwa. Kwa hiyo mtoto aliyekula vidonge, au kijana aliyemeza vingi kwa uchungu wa moyo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata akiapa kuwa hana lolote. Kwa huyo wa pili, tuiweke aibu kando. Anahitaji kuokolewa kwanza, kisha kusikilizwa; kulaumiwa hakumponyi. Na wote tukumbuke kuwa dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, hivyo anayezinywa pamoja na Panadol huenda anajizidishia bila ya kujua.

Ya pili ni dawa za wazee. Wageni wetu kutoka Mombasa, Unguja au Muscat huja na vidonge vya sukari na presha vikiwa vimefungwa kwenye karatasi au mfuko wa nailoni, bila ya jina, vikawekwa chini ya mto au ndani ya mkoba. Kidonge kimoja tu cha sukari cha aina ya glibenklamidi chaweza kuishusha sukari ya mtoto mdogo hadi akazimia au akafa, na athari yake huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, ambavyo vingine vina rangi na mng'ao wa peremende, navyo ni sumu kali kwa mtoto. Dawa zote zikae juu, ndani ya kabati linalofungwa, kila moja katika pakiti yenye jina lake.

Ya tatu ni betri ndogo za duara zilizo kama kifungo cha shati, zile za rimoti, mizani na vichezeo. Ikikwama kooni, betri huanza kupitisha umeme kwenye unyevu wa mwili na kuziunguza nyama za hapo, na ndani ya saa 2 yaweza kuwa imefanya jeraha kubwa. Ukishuku tu kwamba mtoto ameimeza, nenda idara ya ajali na dharura papo hapo. Usingoje kuitafuta chooni kesho yake.

HEWA ISIYO NA HARUFU

Adui wa mwisho haonekani wala hanuki. Makaa, gesi, mafuta au kuni zikiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoka gesi iitwayo kaboni monoksidi. Ndani ya damu mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni. Gesi hii huishika hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu hupumua kama kawaida, lakini damu yake imebeba mzigo usiofaa, na ubongo na moyo vinakosa chakula chao. Katika miaka ya 1890 mtaalamu John Scott Haldane aliivuta gesi hii yeye mwenyewe makusudi ili ajue inavyomfanya mtu, na kutokana na utafiti wake wachimba makaa wa Uingereza walichukua ndege wadogo wa kanari kuwatahadharisha chini ya ardhi. Kanari walistaafishwa migodini mwaka 1986. Nyumbani kwetu kazi yao leo hufanywa na king'ora kidogo cha ukutani.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi? Kwa sababu makaa tunayapenda na tumeyazoea. Huko kwetu jiko la makaa liko uani au jikoni penye upepo, na kuta zina matundu. Nyumba za hapa zimezibwa barabara zisiingize baridi. Jiko la kuchomea nyama likiingizwa ndani baada ya mvua kunyesha, au likiachwa barazani karibu na mlango ili liwapashe watu joto, huendelea kutoa gesi hata linapoonekana ni majivu matupu. Jiko la makaa halina nafasi ndani ya nyumba, wala ndani ya hema la kambi. Chetezo kina kaa dogo, lakini nacho kisifukizwe katika chumba kilichofungwa anamolala mtoto mchanga. Fungua dirisha kidogo. Harufu ya udi itabaki. Na boila iliyochakaa huweza kuitoa gesi hiyo hiyo bila ya kaa hata moja kuwashwa.

Dalili zake hufanana na mafua yasiyo na homa: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, na akili kuchanganyikiwa. Alama ya kuzingatia ni kwamba nyumba nzima huumwa kwa pamoja, na wakitoka nje hupata nafuu, wakirudi huumwa tena. Ukiona hivyo usikae kuulizana. Tokeni wote, mlango ubaki wazi, mpige simu mkiwa nje, na asirudi mtu kuchukua mkoba wala buibui. Maparamediki wengi huja na king'ora cha gesi hii kwenye mkoba wao, kikalia wanapovuka kizingiti. Watamvisha mgonjwa barakoa ya oksijeni. Mtu akipumua hewa ya kawaida, mwili huchukua kiasi cha saa 4 hadi 5 kuipunguza nusu tu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni tupu muda hushuka hadi saa 1 au 1 na nusu. Mwambie mhudumu kuwa palikuwa na makaa au boila, kwani kile kipimo cha kawaida cha kidoleni hudanganywa na gesi hii, kikaonyesha kuwa oksijeni imejaa ilhali mtu anakufa. Neno lako moja laweza kufanya kazi ambayo kipimo kimeshindwa.

Wapangaji wajue haki zao. Mwenye nyumba analazimika kila mwaka kuvikagulisha vifaa vyake vya gesi kwa fundi aliyeandikishwa na Gas Safe, na kumpa mpangaji karatasi ya ukaguzi. Katika England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, analazimika pia kuweka king'ora cha kaboni monoksidi katika kila chumba cha kukaa watu chenye kifaa kinachochoma gesi, mafuta au makaa kilichofungwa humo, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. King'ora hicho si kile cha moshi. Kuomba haki hii si utovu wa adabu.

STARA NA HOFU

Tumebakisha jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Wako wanaochelewa kupiga simu kwa kuona haya, kwamba mama atafunuliwa mbele ya wanaume. Ni kweli kuwa wahudumu huweza kulazimika kuikata nguo ili walione jeraha. Si vibaya kumwomba mhudumu wa kike, naye akiwepo hupewa nafasi. Asipokuwepo, dharura ina hukumu yake katika dini yetu, na vilevile mgonjwa aliyefunga anayehitaji dawa. Khanga safi karibu na mlango itasaidia kumsitiri mgonjwa akitolewa nje, na wahudumu hawaikatai.

Wengine huogopa karatasi zao. Katika England, huduma ya gari la wagonjwa na matibabu ya idara ya ajali na dharura hayalipishwi kwa mtu yeyote, awe na viza au asiwe nayo. Gharama huweza kudaiwa kwa baadhi ya wageni baada ya kulazwa wodini, na hilo mtu alijue mapema. Lakini si sababu ya kumwacha mtoto afie nyumbani.

Na wako wazazi wanaoogopa kwamba wakimpeleka mtoto aliyeungua watashukiwa na kuandamwa. Tusidanganyane: maswali yataulizwa, kwa kuwa madaktari wanawajibika kuyauliza kwa kila mtoto, awe wa Mwingereza au wetu. Yajibiwe kwa ukweli na kwa ufupi. Kinachoamsha shaka zaidi ni kuchelewa, na maelezo yanayobadilika kila yanapoulizwa. Mzazi aliyempoza mtoto kwa maji na kumfikisha hospitali mara moja amekwisha kujieleza kwa vitendo.

KABLA YA MWEZI UJAO

Tunamwomba kila msomaji afanye mambo manne kabla ya toleo lijalo. Abandike anwani na posikodi ukutani. Azikusanye dawa zote za nyumba azifungie kabatini. Akitazame king'ora cha kaboni monoksidi na kukibonyeza aone kama kinalia, na ikiwa hakuna, akidai au akinunue. Kisha aketi na wazee wa nyumba azungumze nao habari ya maji na samli. Mambo haya hayazidi jioni moja.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mjukuu huyu tunaweza kumzuia asizaliwe. Dini yetu imeupa uzito mkubwa mno uokozi wa nafsi moja, na haikusema kuwa muokozi lazima awe daktari. Aweza kuwa dada wa miaka 10 aliyesimama bombani na mdogo wake.

Wabillahi tawfiq.